Tunapima wembamba wa watoto, sukari inajificha kwenye ini

Mwezi wa Septemba 2025, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitoa takwimu ambazo hazijawahi kuonekana. Kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa umri wa kwenda shule walio na unene wa kupindukia wamewapita wenzao walio na uzito mdogo, asilimia 9.4 kwa 9.2. Hao wenye unene ni kama milioni 188. Ripoti hiyo iliongeza kwamba maeneo mawili bado hayajafika huko: Asia Kusini na Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Hapa Pwani, maelezo hayo ya mwisho yanaweza kutulaza usingizi, kwani tuna sababu ya kuamini kuwa shida yetu ni njaa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kilifi ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa asilimia 37. Watoto wa umri huo wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 3 tu. Ukiwa afisa wa afya mwenye bajeti finyu, pesa utazielekeza wapi? Kwa aliyedumaa, na mimi simlaumu mtu kwa hilo.

Lakini utafiti huo huo uligundua kwamba wanawake 45 katika kila 100 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hawa hawakunenepa siku ya harusi. Kati ya mtoto wa miaka minne anayepimwa kliniki na mama wa miaka thelathini anayepimwa na watafiti, kuna miaka mingi ambayo hakuna anayeshika mizani. Ndani ya miaka hiyo huingia ugonjwa ninaotaka tuuzungumze leo, yaani mafuta kwenye ini la mtoto mnene. Mara nyingi hauumi, kwa macho hauonekani, na ukipatikana mapema unaweza kurudi nyuma kwa kubadilisha chakula. Hoja yangu ni moja: tunaukosa ugonjwa huu kwa sababu tumejenga mfumo wa kumtafuta mtoto mwembamba peke yake.

Ini la mlevi kwa mtoto asiyejua mnazi

Mtaani ukisema fulani anaumwa na ini, watu hufikiria mambo mawili: ama alikunywa sana, ama macho yamekuwa ya manjano. Hata madaktari walichukua muda kufika kwingine. Mwaka 1980 wataalamu wa Mayo Clinic huko Marekani walieleza kuhusu wagonjwa ambao maini yao yalifanana na ya walevi ilhali hawakuwa wanywaji. Mwaka 1983 ikaripotiwa hali hiyo hiyo kwa watoto wanene. Miaka 40 baadaye, mwaka 2023, wataalamu wa mataifa mbalimbali walikubaliana kuubadilisha jina ugonjwa huu. Neno pombe likatolewa, na jina jipya likaufunga na mvurugiko wa namna mwili unavyotumia sukari na mafuta.

Ini lenye afya huwa na mafuta kidogo sana. Yakizidi kiasi cha asilimia 5, ini huhesabiwa kuwa na mafuta. Watoto wengi hukaa katika hatua hiyo bila kuhisi lolote, au huwa na uchovu na maumivu hafifu chini ya mbavu za kulia ambayo mzazi huyachukua kuwa gesi. Kwa baadhi yao mafuta hayo huwasha ini likavimba, uvimbe ukaacha makovu, na makovu yakizidi ini huwa gumu na kushindwa kazi. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka mingi. Anayeianza akiwa na miaka kumi ana muda mrefu zaidi wa kufika mwisho kuliko anayeianza akiwa na hamsini.

Ukubwa wa tatizo unajulikana kutoka nchi zilizopima. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti nyingi za kimataifa ulikadiria kuwa asilimia 7.6 ya watoto kwa jumla wana mafuta kwenye ini, lakini kati ya wale wanaohudhuria kliniki za unene, ni asilimia 34. Huko San Diego, California, watafiti walichunguza maini ya watoto 742 waliofariki kwa ajali na sababu nyingine kati ya 1993 na 2003. Kati ya waliokuwa na unene wa kupindukia, 38 katika kila 100 walikuwa na mafuta kwenye ini.

Je, yana madhara? Nchini Sweden watafiti walifuatilia watu 718 waliogunduliwa na ugonjwa huu wakiwa watoto au vijana wa hadi miaka 25. Kwa miaka iliyofuata, uwezekano wao wa kufariki ulikuwa karibu mara 6 ukilinganishwa na watu wa rika lao. Waliofariki bado walikuwa wachache kwa idadi, na sitaki mzazi yeyote asome haya akakosa usingizi. Nataka aelewe tu kwamba mafuta haya si pambo.

Kwa nini kidole kinaelekea kwenye sukari

Sukari tunayotia kwenye chai ni vitu viwili vilivyoshikana nusu kwa nusu: glukosi na fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, kuanzia misuli hadi ubongo. Fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini. Ikija kidogo kidogo ndani ya embe au chungwa la kutafuna, pamoja na nyuzinyuzi zake, ini halina tabu nayo. Ikija kwa kishindo ndani ya chupa ya soda iliyomalizwa kwa dakika tano, ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta, na mafuta hayo huanza kujikusanya pale pale.

Kuna majaribio mawili ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua. La kwanza lilifanywa San Francisco kwa watoto wapatao 40 wenye unene, wa miaka 9 hadi 18, waliozoea sukari nyingi. Kwa siku 9 waliondolewa sukari ya kuongezwa, ikawekwa wanga badala yake, ili jumla ya nguvu ya chakula ibaki ile ile na wasipungue uzito. Hawakulishwa saladi tupu. Siku ya kumi, mafuta kwenye ini yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 7.2 hadi 3.8 kwa mtoto wa katikati. Siku tisa!

La pili lilichapishwa Januari 2019. Wavulana 40 wa miaka 11 hadi 16 waliokwisha kupatikana na ugonjwa huu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na chakula chake cha kawaida. Jingine, pamoja na familia zao nzima, likapangiwa chakula ambacho sukari ya kuongezwa haikuzidi asilimia 3 ya nguvu ya siku. Baada ya wiki 8, mafuta kwenye ini la kundi la pili yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 17. Kundi la kwanza lilitoka 21 hadi 20, yaani karibu pale pale.

Zingatia maneno "familia zao nzima". Watafiti hawakumwekea kijana sahani yake pembeni huku baba na ndugu zake wakinywa soda mbele yake. Walibadilisha jiko lote, na hilo nitalirudia mwishoni.

Je, mafuta ya chakula hayana hatia? La, yanayo. Jaribio moja la mwaka 2018 liliwalisha watu wazima wenye uzito uliozidi kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki tatu. Waliopewa mafuta mazito, kama ya siagi na nazi, mafuta ya ini yaliongezeka kwa asilimia 55. Waliopewa sukari, asilimia 33. Waliopewa mafuta ya aina ya zeituni na njugu, asilimia 15. Kwa hivyo sisi watu wa nazi tusijitoe kwenye hesabu hii. Sisemi nazi iondoke jikoni, maana wali na samaki wa kupaka bila nazi ni kitu kingine kabisa. Nasema kasimile ya nazi mbili kila siku, juu ya viazi karai na mahamri yaliyochovywa mafutani, kwa mtoto anayeshinda amekaa, ni mzigo. Tui jepesi lingetosha siku nyingi za wiki.

Hesabu ya siku moja

Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 kwa siku. Hizo ni takriban vijiko 6 vya chai.

Sasa tumfuate mtoto wa darasa la tano wa Kisauni, Likoni au Malindi mjini. Asubuhi anakunywa kikombe cha chai chenye vijiko vitatu, gramu 12. Sukari iliyo ndani ya mahamri sihesabu. Saa nne shuleni anafungua pakiti ndogo ya juisi ya mililita 200, ambayo kwa kawaida huwa na kama gramu 20. Alasiri, kati ya shule na madrasa au tyusheni, anakunywa soda. Chupa ya mililita 300 ina kama gramu 30. Magharibi ikiingia ananywa chai nyingine, gramu 12. Jumla ni gramu 74, karibu mara tatu ya kiwango, na bado hatujaingiza barafu za rangi, mabuyu yaliyopakwa sukari, kaimati wala kashata.

Nimesimama mara nyingi nje ya shule za mitaa yetu wakati wa kutoka. Jambo linalonishangaza ni bei. Shilingi kumi au ishirini zinampatia mtoto kitu kitamu cha rangi. Kwa shilingi hizo hizo, chungwa au ndizi zipo, lakini mara nyingi haziko pale langoni. Maji safi ya bure ya kunywa ndani ya shule ni machache zaidi. Mtoto mwenye kiu ya saa nane mchana katika joto la Mombasa atakunywa kilicho karibu.

Na vinywaji ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi ya vitu vya kutafuna. Kitumbua kinashibisha, mtoto akila viwili atapunguza chakula cha usiku. Soda haishibishi. Atainywa, kisha atakula wali wake kama kawaida.

Tepe ya rangi tatu

Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba hubeba tepe ya kupimia mkono wa mtoto. Nyekundu ni utapiamlo mkali, njano ni tahadhari, kijani ni salama. Tepe hii imeokoa maisha ya watoto wengi na naiheshimu. Lakini angalia inavyofanya kazi. Mkono ukizidi sentimita 12.5, rangi ni kijani, uwe wa sentimita 14 au 20. Kwa tepe hii hakuna mtoto mnene. Kuna mwembamba na kuna salama.

Tena tepe ni ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Kitabu cha mama na mtoto nacho hufuata ukuaji hadi miaka mitano. Baada ya hapo mtoto hutoweka kwenye mizani. Atapimwa akiugua malaria, au akivunjika mkono, na uzito wake utaandikwa ili kipimwe kipimo cha dawa. Ilhali madaktari wa Marekani Kaskazini wanaoshughulikia ini na tumbo la watoto walishauri mwaka 2017 kwamba mtoto mwenye unene wa kupindukia aanze kuchunguzwa ini kati ya miaka 9 na 11. Umri ule hasa ambao sisi hatupimi mtu.

Hata anayefika maabara anaweza kupita bila kuonekana. Kipimo cha kuanzia ni cha damu, kimeng'enya kiitwacho ALT. Mwongozo huo wa 2017 unaweka mwisho wa kawaida kuwa 26 kwa mvulana na 22 kwa msichana. Maabara nyingi huchapisha kiwango cha mtu mzima cha 40 au zaidi. Mtoto mwenye 38 ataambiwa yuko sawa. Mzazi, ukipewa karatasi hiyo, uliza kiwango kilichotumiwa ni cha nani. Jua pia kwamba picha ya ultrasaundi inaweza kukosa mafuta yakiwa bado kidogo, kwa hivyo picha safi peke yake haimalizi maneno.

Zipo dalili mbili ambazo hazihitaji maabara. Ya kwanza ni shingo. Ukiona ngozi ya nyuma ya shingo au makwapani imekuwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, na mtoto ameshasuguliwa kwa dodoki mpaka analia, acha kusugua. Huo si uchafu. Mara nyingi ni ishara kuwa insulini mwilini haifanyi kazi vizuri, na hali hiyo hutembea pamoja na mafuta kwenye ini na kisukari. Ya pili ni kamba. Pima urefu wa mtoto kwa uzi, ukunje uzi katikati, kisha uuzungushe kiunoni. Kwa mtoto aliyepita miaka mitano, nusu hiyo ikishindwa kukutana, ana mafuta mengi tumboni na anafaa kuonwa na mhudumu wa afya.

Majibu kwa hoja tatu

Kila ninapolizungumza hili, nakutana na hoja tatu, nazo zina uzito.

Ya kwanza: watu wana njaa, wewe unazungumza unene. Jibu langu ni kwamba nyumba moja inaweza kuwa na vyote viwili, mtoto mdogo aliyedumaa na mama au kaka mkubwa mwenye uzito uliozidi, wote wakila kutoka sufuria moja. Chai ya sukari nyingi na mandazi huzima njaa bila kujenga mwili. Na ini lenyewe linatufundisha somo. Tangu Daktari Cicely Williams alipoueleza ugonjwa wa kwashiakoo mwaka 1933 akiwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, imejulikana kuwa mtoto wa kwashiakoo naye ana ini lililojaa mafuta. Njia za kufika huko ni tofauti, lakini wote wawili wamekosa chakula kinachofaa. Kunde, mbaazi, dagaa, mchicha na yai vinamsaidia aliyedumaa na mnene pia. Hakuna ushindani hapo.

Ya pili: huu ni ugonjwa wa watu wengine. Kuna ukweli ndani yake. Katika uchunguzi ule wa San Diego, watoto weusi walikuwa na kiwango cha chini kuliko wenzao wenye asili ya Amerika ya Kusini, Asia na Ulaya, na urithi wa damu ni sehemu ya sababu. Lakini chini si sifuri. Pwani yenyewe ni mchanganyiko wa damu za pande zote za Bahari ya Hindi. Na hata pale ini linaposalimika, sukari hiyo hiyo inaelekea kwenye kisukari, shinikizo la damu na meno yaliyooza. Kisukari hakihitaji kuelezwa kwa mtu wa Mombasa. Kila ukoo una mtu wake.

Ya tatu ndiyo ngumu kwangu: mama anayeuza barafu, mabuyu na viazi langoni mwa shule analisha watoto wake kwa biashara hiyo. Ni kweli, na mtu akisema wafukuzwe, mimi nitakuwa upande wa mama. Kumwaga ndoo za wachuuzi hakujawahi kumponya mtoto. Pia si yeye aliyeleta juisi za unga na soda za chupa ndogo zenye matangazo ya katuni. Mama huyo huyo anaweza kuuza mahindi ya kuchemsha, muhogo, njugu, machungwa, ukwaju usiotiwa sukari nyingi, ikiwa kuna anayemsaidia kubadilisha bidhaa bila kupoteza faida ya siku.

Nani afanye nini

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti huduma za afya za msingi, elimu ya chekechea, na leseni za biashara zinazouza chakula kwa umma. Kwa hivyo serikali za Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta hazina haja ya kusubiri Nairobi. Naziomba mambo matatu. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba yenye mizani, wapite shuleni mara moja kwa mwaka kupima uzito na urefu wa kila mtoto, na wafunzwe kuangalia shingo na kiuno. Leseni ya kantini ya shule iwe na sharti la maji safi ya kunywa na kutouza vinywaji vya sukari. Na wachuuzi wa langoni wakutanishwe na maafisa wa afya na biashara wakubaliane orodha ya vya kuuza, pamoja na mkopo mdogo wa kuanzia.

Serikali kuu nayo ina ushuru mkononi. Afrika Kusini ilianza Aprili 2018 kutoza vinywaji kwa gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika kila mililita 100. Uingereza ilianza mwezi huo huo kwa viwango vinavyofuata sukari, na makampuni yakapunguza sukari ili kuukwepa ushuru. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa kwa miaka mingi imetoza kwa lita, maji ya chupa na soda vikiwa fungu moja. Ushuru wa namna hiyo haumwambii mwenye kiwanda apunguze chochote. Tangu 2016 Chile inaweka alama nyeusi za pembe nane mbele ya pakiti zenye sukari nyingi, ili hata asiyejua kusoma maandishi madogo aelewe.

Walimu wa shule na wa madrasa wana nguvu ambayo serikali haina. Mtoto wetu hutoka shule akaingia chuoni, akatoka hapo akaingia tyusheni, akafika nyumbani kiza kimeingia. Hakuna saa ya kukimbia. Nusu saa ya mpira au kukimbizana kabla ya kukaa chini haimpunguzii mtu elimu. Ramadhani nayo ni mwezi wa kujifunza kiasi. Futari inaweza kuanza kwa tende na maji, bila jagi la juisi ya rangi.

Sasa sisi wazazi. Kwanza, tusimtafutie mtoto dawa ya kusafisha ini, iwe ya chupa au ya mizizi. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2011 lililinganisha vitamini E na metformini na kidonge kisicho na dawa, na hakuna hata moja iliyofanya vizuri zaidi katika kushusha ALT kwa kudumu. Baadhi ya dawa za mitishamba zenyewe huumiza ini. Matibabu yanayoongoza kwa watoto bado ni chakula na mwendo. Pili, tusimnyime mtoto chakula. Anayekua anaweza kuhitaji tu uzito usimame huku urefu ukiongezeka. Mpango wa kupunguza uzito upangwe na daktari au mtaalamu wa lishe. Tatu, tuache majina. Kibonge, tembo, gunia, ni maneno ya mzaha yanayomfanya mtoto ale kwa kujificha.

Na turudi kwenye wale wavulana 40. Kilichofanya kazi ni jiko la nyumba nzima kubadilika. Soda isipokuwepo kwenye friji, hakuna wa kumkatalia. Bakuli la sukari likibaki jikoni badala ya kukaa mezani, kijiko cha tatu kinapotea chenyewe. Baba akinywa maji na chakula chake, mtoto atakunywa maji. Bibi anayeonyesha mapenzi kwa peremende na soda aelezwe kwa adabu, maana naye anampenda mjukuu wake na hataki aje kuugua.

Najua kwetu mtoto mnono ni sifa kwa mama yake. Nyumba iliyopita njaa ina haki ya kufurahia shavu lililojaa. Lakini mtoto wa miaka kumi ambaye uzi wa nusu ya urefu wake haukutani kiunoni, na shingo imekuwa nyeusi, anahitaji mtu wa kumpima. Kaunti inaweza kuchukua mwaka mzima kujibu. Uzi uko nyumbani, na kuondoa soda kwa siku tisa hakuhitaji kibali cha mtu.